Karo Lisilo na Kitambaa Chekundu

Saumu alinipigia simu asubuhi na mapema, nikiwa bado napapasa kitandani kutafuta miwani. "Mama Eliza, mama katutoka," alisema, na baada ya hapo nikasikia pumzi yake tu. Nilifika Kawe nikiwa nimevaa khanga mbili na viatu ambavyo, nilipovivua mlangoni, niligundua kuwa kimoja ni cheusi na kingine cha kahawia. Zuhura, mama yake Saumu, angecheka mpaka akae chini. Wanawake walikuwa wamejaa sebuleni juu ya mikeka, wanaume nje chini ya turubai, na mimi, Mkristo nisiyeweza kuingia chumbani na waoshaji wala kutulia nikiwa na huzuni, nilipewa kazi uani: kukoleza mkaa na kuchemsha maji ya kumwoshea. Nikakaa kwenye kigoda mbele ya sufuria. Mvuke ulipoanza kupanda, niliificha mikono yangu ndani ya khanga. Hii ilikuwa mara ya pili maishani mwangu kumwandalia Zuhura maji ya moto huku naogopa. Mara ya kwanza tulikuwa wasichana, na huyu Saumu alikuwa bado tumboni.

Nilikotoka na jinsi nilivyofika Dar es Salaam nayaacha. Hayana la kuongeza hapa. Naanzia mwaka ule wa mgao wa umeme, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati biashara ilipofunguliwa na kila mwenye ua akawa na mradi. Jirani wa kushoto alifuga kuku wa mayai, wa kulia alitia rangi batiki, na katikati yao, Mikocheni, Bwana Mkude, aliyekuwa amepunguzwa kazini serikalini, alisafirisha samaki hai kwenda nje. Si wa kula, wa kutazamwa. "Wenzetu huko wanawaweka sebuleni kama nyie mnavyoweka redio," alitueleza, nasi tulimwamini nusu. Gereji ya nyumba yake, isiyo na dirisha hata moja, ndiyo ilikuwa kiwanda chetu. Matangi ya vioo yalipangwa kwenye rafu za mbao kuta zote tatu, mipira myembamba ya hewa ikining'inia kila mahali, na pampu zikinguruma mpaka ukirudi nyumbani bado unazisikia masikioni. Palinuka chumvi na mafuta ya taa. Umeme ulipokatika, pampu zilinyamaza zote kwa pamoja, nasi tulikimbia na majagi, tukichota maji na kuyamwaga kutoka juu, tangi baada ya tangi, ili samaki wapate hewa. Tuliita kazi hiyo kupiga maji. Ukipiga maji asubuhi nzima, chakula cha mchana unakila kwa mkono wa kushoto, adabu haina tena nafasi.

Niliajiriwa kwa sababu nilikuwa nimesoma bayolojia mpaka kidato cha sita na sikuwa na pa kwenda. Wateja wa Bwana Mkude hawakutaka kuambiwa "samaki mzuri mwenye mistari". Walitaka kila mmoja kwa aina yake na ukoo wake. Bwana Mkude alikuwa na kitabu kinene cha picha, kimevimba kwa unyevu, akanikabidhi pamoja na kundi ambalo wengine hawakulitaka. "Wewe msomi, chukua hawa wakorofi," alisema. Wakorofi ni samaki wa ukoo wa nge. Majina niliyowapa niliyatafsiri mwenyewe kutoka kitabuni, maana kila ufukwe ulikuwa na majina yake na wavuvi hawakupatana. Alama yao ya kwanza ni shavu: kuna mfupa unaopita chini ya jicho na kulikaza shavu lote kama kofia ya askari. Alama ya pili ni miiba ya mgongoni, tumboni na karibu na mkia, kila mwiba una mfereji, na kando ya mfereji kuna kifuko cha sumu chini ya ngozi. Ukiukanyaga au kuugusa, ngozi inasukumwa chini, kifuko kinabanwa, na sumu inapanda. Samaki mwenyewe hafanyi chochote, wala hakufuati. Ni uzito wako mwenyewe unaokuchoma, na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote.

Nikawagawa. Wa kwanza samaki-simba, wenye mapezi mapana kama mabawa na mistari ya rangi ya damu ya mzee, wanaoelea taratibu kana kwamba gereji ni yao. Watu waliogopa yale mabawa, kumbe mabawa hayana sumu hata chembe. Sumu iko kwenye zile sindano za mgongoni ambazo mtu hazitazami kwa sababu anatazama mabawa. Wa pili samaki-nge wenyewe, wanene, wenye vinyuzinyuzi vya ngozi usoni, wanaolala chini na kubadili rangi. Wa tatu samaki-jani, mwembamba, anayeyumba na maji kama jani lililokufa. Wa nne kitabu kilimweka peke yake ukurasani, na hata wataalamu, kiliandika, hawakubaliani kama ni wa nyumba hiyohiyo au ni jirani tu: samaki-jiwe. Hana magamba. Ngozi yake ina vipele na uvimbe, majani ya bahari yanaota juu yake, macho na mdomo vinatazama juu. Hukaa alipo, akipita kidagaa hufungua mdomo na kukivuta ndani haraka kuliko jicho linavyoweza kuona, kisha anakuwa jiwe tena. Akitolewa majini, mradi asikauke, anaweza kuishi mpaka kesho yake. Na sumu yake ndiyo kali kuliko ya samaki wote. Nilifunga kitabu. Mimi ni mwoga wa kuzaliwa. Nikisoma juu ya ugonjwa, jioni ninao.

Ni kwa sababu ya woga wangu vitambaa vyekundu vilikuwepo. Nilichana khanga kuukuu na kufunga utepe kwenye kila tangi lenye mkorofi, na sheria ikawa hii: penye chekundu, mkono hauingii, tumia wavu na koleo refu la mbao. Bwana Mkude alipenda, akasema sasa tunafanana na maabara. Kwa wiki nyingi sheria ilifanya kazi vizuri kabisa. Tuliingia gereji tukitazama vyekundu, tukivikwepa kwa mabega, na tulipotoka nje uani tulishusha pumzi. Huko nje, chini ya paa la bati, kulikuwa na karo la saruji la kufulia nguo, refu, ambalo Bwana Mkude alilijaza maji ya bahari kwa ajili ya mawe. Ndiyo, hata mawe yalisafiri. Wateja walitaka mawe ya mwambani yenye viumbe vidogo juu yake, na Shomari, mvuvi wa Bwana Mkude, aliyaleta kwenye magunia yaliyolowanishwa. Tulitia pia vidagaa vya buluu humo, vya bei ndogo. Karo hilo halikuwa na kitambaa. Tulinawia humo mikono. Tulikaa kwenye ukingo wake tukila mihogo.

Zuhura ndiye aliyesafisha vioo na karo, na Shomari alikuwa mumewe. Nilipanga chumba katika nyumba yao hapa Kawe, chumba kilichopakana na chao, na kati yetu palikuwa na ukuta usiofika kwenye paa. Kila nilichojua kuhusu ndoa kabla sijaolewa nilikijua kutokana na ukuta ule. Nilijua Shomari hapendi ukwaju kwenye mchuzi, na Zuhura anautia hata hivyo. Nilijua siku walipogundua mimba, maana palikuwa kimya muda mrefu, halafu Shomari akaanza kucheka peke yake kama mtu aliyetekenywa. Zuhura alikuwa mwenyeji wa pwani kwa kila kitu, mwepesi wa mdomo, mwenye kuninyanyasa kwa mapenzi. "Eliza, wewe unaogopa samaki aliye kwenye kioo! Akitoka atakufuata na miguu gani?" Tukila pamoja jioni, mkekani, ubwabwa na maharage ya nazi, aliniwekea upande wangu ukoko kwa sababu alijua naupenda, na huku anacheka jinsi ninavyochunguza kila kipande cha samaki kabla ya kukitia mdomoni.

Jioni moja, kupitia ukuta ule, nilimsikia Shomari akiongea kwa sauti ya chini. "Leo nimemwona yule wa mawe. Wawili. Upepo huu umewasogeza." Zuhura akamkatiza haraka, "Basi, basi, usimtaje ndani, na hali yangu hii." Ndivyo ilivyokuwa kwao: samaki yule hatajwi kwa jina, na penye mwanamke mjamzito hatajwi hata kwa kuzunguka. Siku ya pili nilimvizia Shomari akifunga katambuga zake za tairi, nikamuuliza.

"Shemeji, yule wa mawe ndiye huyu?" Nikamchorea kwa kijiti mchangani.

Alifuta mchoro kwa unyayo upesi sana. "Ndiye. Mjomba wangu alimkanyaga. Alikuwa mwanamume haswa, shemeji, lakini alilia anataka tumkate mguu." Akainuka. "Usimwambie mwenzio. Mie hukagua jiwe mojamoja kabla ya kulitia guniani. Huwezi kumkuta kwenye kazi yangu."

Nilimwamini, na bado naamini alikuwa akikagua. Lakini mtu akikagua mawe alfajiri, maji yakianza kurudi na mikono imeganda, kila jiwe linafanana na jiwe.

Baada ya siku chache vidagaa vya buluu vikaanza kupungua karoni. Kwanza tuliona ni paka. Tukafunika karo kwa wavu, vikaendelea kupungua. Kunguru hawezi kupita kwenye wavu, paka hawezi, basi imebaki mtu, alisema Bwana Mkude. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeweka mafao yake yote ndani ya maji na sasa hakulala. Utani ukazuka kabla ya hasira: yule mama wa batiki alisema juu ya ua kwamba mjamzito anaweza kutamani chochote, yeye mwenyewe alikula chaki darasa zima, basi huenda Zuhura anawameza wale vidagaa wabichi. Tulicheka. Zuhura naye alicheka, akajishika tumbo, akasema mtoto atazaliwa wa buluu. Ila Bwana Mkude hakucheka, na kesho yake tulipokuwa wote uani alisema, bila kumtazama mtu, "Kuna mtu anakula mtaji wangu. Mwisho wa wiki hii, nikimjua nisimjue, anayesafisha karo atatafuta kazi kwingine."

Nilimwona Zuhura uso ukimshuka. Jioni ile sikusikia chochote kupitia ukutani isipokuwa kijiko kikigonga sahani. Asubuhi, njiani kwenda kazini, aliniambia, "Sijawahi kuitwa mwizi, Eliza. Mama yangu kafa bila kuitwa mwizi. Leo nayatoa mawe yote, moja moja, mpaka nione vile vidagaa vimejificha wapi. Vimo humohumo." Nami nilimwambia ni wazo zuri. Karo halikuwa na kitambaa chekundu. Sumu yote ya dunia, kwa akili zetu, ilikuwa ndani ya gereji.

Umeme ulikatika tulipofika tu. Bwana Mkude alikuwa ndani akipiga maji kwa nguvu zake zote, na mimi nilikuwa nimetoka kidogo kubandika birika la chai ya saa nne kwenye jiko la mkaa, pale uani, hatua chache kutoka karoni. Birika lilikuwa limeanza kuimba. Zuhura alikuwa ameinama, mikono miwili ndani ya maji mpaka viwikoni, akinung'unika na mawe kama mtu anayegombana na watoto. "Toka wewe. Na wewe. Mmelala tu." Nakumbuka vizuri aliposema, "Hili mbona laini?" Kisha akapiga ukelele ambao sijausikia tena popote, wala leba, wala msibani. Alirudi nyuma, akaanguka kwa makalio, mkono wa kulia ameunyoosha mbele yake kana kwamba si wake. Kwenye kidole cha kati palikuwa na tundu dogo sana na damu kidogo. Pembeni yake ngozi ilikuwa imeanza kuwa nyeupe, na weupe ule ulikuwa unatembea.

Nilichungulia karoni. Mawe yalikuwa mawe. Halafu jiwe moja, kubwa kama mkate wa bofulo, lililojaa vipele na majani ya kijani, likatikisa mchanga kidogo na kujizika zaidi. Juu yake yalikuwepo macho mawili, yakitazama juu. Yalinitazama mimi. Namjua, nilijisemea. Ni ukurasa wake, ni shavu lake. Na kile kitabu kilichonikosesha usingizi kilikuwa kimeandika mstari mwingine ambao nilikuwa nimeupita haraka kwa sababu ulikuwa wa kutuliza, na mimi yanayotuliza huwa siyashiki: sumu hii haipendi moto. Maji ya moto, kadiri mtu anavyoweza kuvumilia, huivunja nguvu. Nikageuka, birika lipo.

"Bosi!" nilipiga kelele. "Washa gari!"

Nilimwaga maji ya birika kwenye beseni, nikaongeza ya mtungini. Zuhura alikuwa anajibiringisha chini, anataja Mungu na mama yake. Aliposikia neno maji akautosa mkono mwenyewe mpaka chini. "Moto zaidi," alisema. "Eliza, sikii kitu, moto zaidi!" Hapo ndipo nilipopata hofu mpya juu ya ile ya kwanza. Mkono wenye sumu haujui joto. Ungeweza kuiva kwenye beseni na mwenyewe akaomba uongezewe moto. Hivyo nikatia wangu pembeni ya wake. Nilipoweza kustahimili, ulibaki. Niliposhindwa, niliutoa na wake. Mwoga kama mimi anashindwa mapema, na nadhani siku ile woga wangu ulimfaa. Ngozi yake haikubabuka.

Bwana Mkude alitoka gereji akiwa amelowa, akatazama, akawa mweupe kuliko kile kidole. Hakuuliza habari ya vidagaa. Mama wa batiki aliruka uzio, akasema tumfunge kamba kiwikoni, mwingine aliyetokea barabarani akataka kuchanja kwa wembe. Nikawaambia hapana kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo. Tulijaza chupa mbili za chai kwa maji yaliyobaki na mengine ya jirani, zile chupa za maua zilizokuwa kwenye kila nyumba, tukamlaza Zuhura nyuma ya pikapu, beseni mapajani kwangu. Bwana Mkude aliendesha huku anasali kwa sauti, breki na dua, dua na breki. Kila maji yalipopoa nilimimina kutoka kwenye chupa, nikatia mkono wangu kwanza, kisha wake. Uvimbe ulikuwa umefika kwenye kifundo. Jasho lilimtiririka na midomo yake ikakauka. Katikati ya njia alifumbua macho na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenieleza kwamba chumvi imekwisha, "Hachezi."

"Nani?"

"Mtoto. Tangu pale. Asubuhi alikuwa anacheza, sasa hachezi."

Kitabu hakikuwa na mstari juu ya hilo. Kiligawa samaki kwa mashavu na miiba na vifuko, kikaeleza sumu inavyoshusha moyo na kulegeza misuli, lakini hakikusema inafanya nini kwa asiye hata na mkono wa kuchomwa. Nilimimina maji. Nilitia mkono. Nilisema, "Amelala." Na nilipokuwa nasema hivyo niliona kichwani yule samaki ametulia mchangani, na neno lile la kulala likanitisha, nikatamani kulirudisha.

Hospitalini daktari kijana alisikiliza, akatazama beseni, akasema tuendelee na maji wakati yeye anatafuta sindano ya maumivu. Dawa ya sumu ile hasa hawakuwa nayo, na hakujua nani anayo. Alimsikiliza Zuhura moyo. Kisha akachukua kile kifaa chao cha kusikilizia tumbo, mfano wa tarumbeta ndogo, akakiweka sehemu moja, akakihamisha, akakihamisha tena. Akasema anasikia lakini ni polepole, tungoje. Neno tungoje hospitalini lina uzito wa gunia. Shomari alifika kutoka ufukweni, miguu na mchanga, akasimama mlangoni bila kuingia. Hakuuliza ni nini. Aliutazama mkono wa mkewe, akaketi sakafuni palepale kwenye kizingiti na kujifunika uso kwa kofia. Nilimsikia akisema ndani ya kofia, "Nilikagua. Wallahi nilikagua." Zuhura, katikati ya maumivu yake, ndiye aliyemtuliza. "Najua, baba. Usilie, watu wanatazama."

Nililowa mpaka kiunoni. Muuguzi mmoja, Mungu amweke, alituletea maji ya moto kutoka jiko la hospitali bila kuombwa mara ya pili. Maumivu yalianza kurudi nyuma jinsi yalivyopanda, kutoka begani hadi kiwikoni, kisha kwenye kifundo. Jua lilikuwa limeshuka kwenye dirisha la wodi na Zuhura alikuwa amesinzia, nami nikawa natazama tumbo lake chini ya shuka, natazama tu, kama mtu anayengoja barua. Halikutikisika. Mkono wangu ulikuwa mwekundu na wa moto kutokana na beseni, umekunjamana kama wa mzee. Sijui kwa nini niliutoa majini na kuuweka juu ya tumbo lake. Huenda nilitaka tu mahali pa kuuweka. Ulikaa pale mpaka nikaanza kuona aibu, na nilipokuwa nauondoa nikapigwa teke. Dogo, la hasira, kama la mtu aliyeamshwa. Nikaurudisha mkono, likaja jingine. Nilicheka kwa kelele mpaka wagonjwa wakageuka, na Zuhura akafumbua macho na kusema, "Umenimwagia maji, wewe."

Yule samaki hakuuawa. Shomari hakutaka kumgusa, na Bwana Mkude alikuwa na mteja aliyemtaka mmoja wa aina ile kwa muda mrefu. Nilimtoa kwa koleo na wavu, nikamfunga kwenye mfuko wa maji na hewa, nikaandika jina lake na ukoo wake, naye akapanda ndege kabla yetu sote, sisi ambao ndege tulizijua kwa chini. Bwana Mkude alimlipia Zuhura matibabu na hakumwita mtu mwizi tena. Karo likafungwa kitambaa. Nikaacha kazi kabla ya mwaka kuisha. Nikawa mwalimu, na wanafunzi wangu wote wanajua samaki wa ukoo wa nge wanatambulika kwa alama zipi, na wote wamelazimishwa kukariri mstari wa maji ya moto kabla ya mistari mingine. Zuhura alibaki na kidole cha kati kilichopinda, hakinyooki. Alikitumia kunikosoa. Akitaka kusema nimezidisha hofu, alininyooshea kile kidole kilichopinda, basi, hakusema neno. Kila mtoto wangu alipougua, kila nilipokwenda kupimwa kitu, kilikuja kile kidole. Mwaka jana madaktari walipomwambia kuhusu moyo wake, mimi ndiye niliyelia chumbani kwake, na yeye akakiinua kutoka kwenye shuka.

Sasa sufuria lilikuwa linatokota. Saumu alitoka chumbani akiwa amejitanda, ndoo mbili mikononi, macho yamevimba. Ana mwendo wa mama yake. Alichanganya maji mwenyewe, ya moto na ya baridi, halafu akasimama juu ya ndoo bila kujua afanye nini na mikono yake.

"Mama Eliza," alisema, "wamesema yawe vuguvugu tu. Mie sijui hata nasikia nini. Hebu nijaribie."

Kwa wale wanaojua, maiti hasikii joto. Nalijua hilo kama nijuavyo mfupa wa shavu. Lakini nilikuwa naogopa, naogopa vilevile kama siku ile ndani ya pikapu, kwamba yatakuwa moto mno na yeye hataweza kusema. Nilitoa mkono wangu ndani ya khanga na kuutia kwenye ndoo. Yalikuwa moto. Nikaongeza ya baridi, nikakoroga, nikaungoja mkono uzoee, nikaongeza kidogo tena.

"Mpelekee," nilimwambia. "Hayamchomi."